Wasafiri wa Uingereza: Wakifukuzwa waende wapi?

KILA unapofika msimu wa kiangazi nchini Uingereza, habari moja hurejea katika kurasa za magazeti ya miji midogo kana kwamba iliandikwa mwaka uliopita na kuwekwa kabatini. Msafara wa magari yanayokokota nyumba za magurudumu, maarufu kwa jina la karavani, huingia katika bustani ya umma, kiwanja cha mpira au eneo la kuegesha magari, na kabla jua halijawa kali wakazi wa jirani huwa wamekwisha kumpigia simu diwani wao.

Baada ya hapo mambo hufuata mkondo ule ule. Maofisa wa halmashauri hufika, polisi huitwa, karatasi za mahakama hubandikwa, na baada ya siku kadhaa msafara huondoka. Halmashauri hupeleka wazoa taka, kisha huweka magogo au mawe makubwa kwenye lango ili gari lisipite tena. Wiki inayofuata karavani zile zile huonekana katika bustani nyingine, maili mbili au tatu kutoka pale.

Wenye karavani hizo ni Wajipsi na Wasafiri, jamii ambazo kwa karne nyingi zimeishi kwa kuhamahama katika visiwa vya Uingereza na Ireland. Mjadala juu ya kambi zao katika ardhi ya umma umedumu zaidi ya nusu karne, umezaa sheria kadhaa na hukumu nyingi, na umegharimu pesa nyingi za walipa kodi. Hata hivyo, swali moja la msingi limeendelea kukwepwa na karibu kila serikali: watu hawa wakiondolewa hapa, ni wapi wanaporuhusiwa kusimama?

Ni akina nani hawa?

Kwanza ni vyema ikaeleweka kuwa Wasafiri si kabila moja. Wajipsi wa Kiromani wana asili ya kaskazini mwa India, na kumbukumbu zinaonyesha kuwa walikwisha kufika Scotland mwanzoni mwa karne ya 16. Wenyeji waliwadhania kuwa Wamisri, na neno Jipsi lilitokana na dhana hiyo potofu. Mwaka 1530, wakati wa utawala wa Mfalme Henry VIII, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia wasiingie nchini na kuwaamuru waliokuwamo waondoke. Kwa maneno mengine, sheria ya kuwafukuza ina umri unaokaribiana na kuwapo kwao.

Wasafiri wa Ireland nao ni jamii nyingine, wenye asili ya Ireland kwenyewe na lugha yao ya ndani. Mahakama za Uingereza zimekwisha kutambua kuwa makundi haya mawili ni makabila yanayolindwa na sheria dhidi ya ubaguzi: Wajipsi mwaka 1988, na Wasafiri wa Ireland mwaka 2000. Serikali ya Ireland yenyewe iliwatambua rasmi Wasafiri wake kuwa kabila tarehe 1 Machi, 2017.

Sensa ya mwaka 2011 ilikuwa ya kwanza kuwapa nafasi yao katika fomu nchini England na Wales. Watu wapatao 58,000 walijitambulisha kuwa Wajipsi au Wasafiri wa Ireland, na katika sensa ya mwaka 2021 idadi hiyo ilipanda hadi 71,400 hivi. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sensa ile ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa takriban asilimia 24 tu kati yao ndio waliokuwa wakiishi katika karavani au makazi ya kuhamishika. Waliobaki walikuwa katika nyumba za kawaida, baadhi kwa hiari na wengine kwa kukosa mahali pa kuweka karavani.

Zamani safari zao zilikuwa na ratiba iliyofahamika. Walichuma matunda na hopsi katika mashamba ya Kent, walifanya biashara ya farasi, walitengeneza vyombo na kununua vyuma chakavu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mashine zilichukua kazi za mashambani, na wengi wakasogea kwenye pembezoni mwa miji kutafuta riziki ya kukata miti, kutandaza lami na kukusanya vyuma. Hapo ndipo mgogoro wa ardhi ulipoanza kuota mizizi, kwa sababu mji hauna kona isiyo na mwenyewe.

Sheria iliyofungua mlango na iliyoufunga

Mwaka 1960 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti maeneo ya karavani. Mwenye shamba aliyezoea kuwaruhusu Wasafiri kukaa kwake kwa wiki chache akajikuta anahitaji leseni, na halmashauri zikapewa uwezo wa kuwafungia malisho ya pamoja ya vijiji, ambayo yalikuwa vituo vyao vya tangu mababu. Kwa hatua hiyo moja, mamia ya familia ambazo jana yake zilisimama kwa halali zikawa wavamizi.

Miaka minane baadaye, mbunge wa chama cha Kiliberali, Eric Lubbock, alifanikiwa kupitisha muswada binafsi uliokuja kuwa Sheria ya Maeneo ya Karavani ya mwaka 1968. Sheria hiyo, ambayo wajibu wake ulianza kutekelezwa mwaka 1970, ilizitaka halmashauri za mikoa na za wilaya za London kutoa vituo kwa Wajipsi wanaoishi au wanaopita katika maeneo yao. Kwa upande wa pili, halmashauri iliyotimiza wajibu huo ilipewa nguvu ya ziada ya kuwaondoa wanaosimama kiholela. Ulikuwa mkataba wa nipe nikupe.

Vituo vingi vya umma vilivyopo leo England vilijengwa katika kipindi hicho. Ni kweli kwamba halmashauri nyingi zilijikokota, na vingine vilijengwa kando ya majalala, chini ya nyaya za umeme wa msongo mkubwa au jirani na barabara kuu, mahali ambapo hakuna mtu mwingine angekubali kuishi. Lakini vilijengwa.

Mwaka 1994, serikali ya Waziri Mkuu John Major iliufuta wajibu huo kupitia Sheria ya Haki Jinai na Utulivu wa Umma, na papo hapo ikawaongezea polisi na halmashauri mamlaka ya kuwaondoa wenye karavani. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba Wasafiri wanunue ardhi yao wenyewe na waombe kibali cha mipango miji kama raia wengine. Upande mmoja wa mizani ukaondolewa, upande wa pili ukaongezwa uzito.

Ushauri wa kununua ardhi ulikuwa na kasoro moja kubwa. Utafiti wa mwaka 1991, ambao baadaye ulitajwa hata katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ulionyesha kuwa takriban asilimia 90 ya maombi ya Wajipsi yalikataliwa, ilhali asilimia 80 ya maombi yote ya vibali yalikubaliwa. Kumwambia mtu akanunue kiwanja huku ukijua kibali atanyimwa ni sawa na kumwelekeza kwenye mlango uliopakwa rangi ukutani.

Funzo la Dale Farm

Matokeo ya sera hiyo yalionekana na dunia nzima mwezi Oktoba 2011 katika eneo la Dale Farm, karibu na mji wa Basildon, mkoani Essex. Familia za Wasafiri wa Ireland zilikuwa zimenunua ardhi iliyowahi kuwa jalala la magari mabovu. Sehemu ya makazi ya jirani ilikuwa na kibali, lakini sehemu nyingine ilikuwa ndani ya ukanda wa kijani, ambamo ujenzi hauruhusiwi isipokuwa kwa sababu nzito, nayo haikuwa na kibali.

Baada ya mvutano wa kisheria wa takriban miaka kumi, tarehe 19 Oktoba, 2011 polisi wa kutuliza ghasia na madalali wa mahakama waliingia na kuanza bomoabomoa. Familia zipatazo 80 ziliondolewa. Gharama kwa halmashauri na polisi ilikuwa takriban pauni milioni 7.

Baadhi ya familia hizo hazikwenda mbali. Ziliegesha karavani zao kando ya njia ya kuingilia eneo lile lile, bila maji wala vyoo vya kutosha, na zikakaa hapo kwa muda mrefu. Sheria ilikuwa imeshinda, lakini wakazi wa jirani waliodai utekelezaji wake walibaki na majirani wale wale katika hali mbaya zaidi ya ile ya awali.

Malalamiko ya wakazi si ya kupuuzwa

Haitakuwa haki kuueleza mgogoro huu kana kwamba upande mmoja una hoja na mwingine una chuki tupu. Mzazi anayekuta kiwanja anachochezea mtoto wake kimefungwa kwa wiki nzima ana haki ya kulalamika. Klabu ndogo ya soka inayoahirisha mechi kwa sababu nyasi zimechimbwa na magurudumu ina hasara halisi. Taka za ujenzi na matawi yaliyokatwa huachwa katika baadhi ya kambi, na anayelipa gharama za kuziondoa ni mlipa kodi wa mtaa huo.

Wako pia wakazi wanaosimulia kutukanwa au kutishwa walipohoji. Matukio ya namna hiyo yapo, na kuyakanusha hakusaidii amani.

Hata hivyo, hoja hugeuka kuwa ubaguzi pale kosa la familia moja linapobandikwa kwa jamii nzima. Mkazi wa kawaida akitupa taka barabarani, hushitakiwa yeye. Msafiri akitupa taka, jina la jamii yake ndilo linalopanda kizimbani. Aidha, kambi isiyo rasmi haina kontena la taka wala choo, na halmashauri nyingi hukataa kuviweka kwa hofu ya kuonekana zinawakaribisha. Siku ya kumi taka zinapokuwa rundo, rundo hilo hutolewa ushahidi kuwa watu hawa hawastaarabiki.

Kwa upande wa Wasafiri, gharama ya maisha ya kufukuzwa hailipwi kwa fedha pekee. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Afya na kutolewa mwaka 2004 ulibaini kuwa afya yao ni mbaya kuliko ya watu wengine, hata wakilinganishwa na maskini wenzao wanaoishi katika nyumba. Takwimu za elimu za serikali huwaweka watoto wao mwisho kabisa katika matokeo ya mitihani. Mama mjamzito asiyejua wiki ijayo atakuwa wilaya gani huikosa kliniki, na mtoto anayehamishwa kwa amri ya mahakama katikati ya muhula hawezi kushindana na aliyekaa dawati moja mwaka mzima.

Hesabu ambayo wanasiasa hawaipendi

Serikali ya England imekuwa ikihesabu karavani za Wasafiri mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Kwa miaka ya karibuni hesabu hiyo imekuwa ikizunguka kwenye karavani 25,000 hivi. Sehemu kubwa sana, zaidi ya nane katika kila kumi, huwa katika maeneo yenye kibali. Zilizosimama katika ardhi isiyo mali ya Wasafiri wenyewe, yaani zile zinazozua kelele katika bustani na viwanja vya mpira, kwa kawaida huwa chini ya moja katika kila 20.

Maana yake ni kwamba mgogoro unaochukua nafasi kubwa katika magazeti na mikutano ya hadhara unahusu karavani mia kadhaa tu katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 50. Kinachohitajika ni maeneo machache ya ardhi, mabomba ya maji, vyoo na umeme. Hakuna mhandisi wa halmashauri atakayesema kazi hiyo inamshinda.

Kinachoshindikana ni siasa yake. Diwani anayepiga kura kukubali kituo cha Wasafiri katika kata yake hujua kuwa huenda amepiga kura ya kujiondoa madarakani. Wasafiri ni wachache, hawakai mahali pamoja, na wengi hawajajiandikisha kupiga kura. Wanaopinga ni wengi, wana anwani, na siku ya uchaguzi hufika kituoni. Ndiyo maana kila halmashauri hukubali kimsingi kuwa vituo vinahitajika, ila katika halmashauri ya jirani.

Serikali kuu nayo iliwahi kuipunguza haja hiyo kwa kalamu. Mwaka 2015 ilibadilisha tafsiri ya neno Msafiri katika sera ya mipango miji, ikawaondoa walioacha kabisa kusafiri kwa sababu ya uzee, maradhi au masomo ya watoto. Kwa tafsiri hiyo, halmashauri ziliweza kuandika kuwa mahitaji yamepungua bila kujenga hata nafasi moja. Oktoba 2022 Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa mabadiliko hayo yaliwabagua wazee na walemavu, na Desemba 2023 serikali ikarejesha tafsiri ya awali.

Kutoka kosa la madai hadi jinai

Kwa miaka mingi kukaa katika ardhi ya mtu bila ruhusa kulikuwa, kwa kawaida, shauri la madai. Mwenye ardhi alikwenda mahakamani, akapata amri, na madalali wakaitekeleza. Polisi waliingilia tu pale masharti fulani yalipotimia, kwa mfano kuwapo kwa magari sita au zaidi, au kutokea kwa uharibifu.

Chama cha Conservative kiliahidi kubadilisha hali hiyo katika ilani yake ya mwaka 2019. Sheria mpya, iliyosimamiwa na aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Priti Patel, ilianza kutumika katika eneo hili tarehe 28 Juni, 2022. Iliunda kosa la jinai kwa mtu mzima anayekaa au kukusudia kukaa na gari katika ardhi bila ruhusa, pale panapotokea au panapoweza kutokea madhara makubwa, usumbufu mkubwa au bughudha kubwa, naye akaombwa kuondoka akakataa bila sababu ya msingi. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miezi mitatu, faini ya hadi pauni 2,500, au vyote viwili. Aidha, polisi walipewa uwezo wa kukamata gari, na karavani imo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kwa mtu mwingine kukamatwa gari ni usumbufu; kwa familia ya Wasafiri ni kunyang'anywa nyumba, kitanda cha mtoto na jiko kwa pamoja. Sheria hiyo hiyo iliongeza muda wa kutorudi katika eneo mtu aliloamriwa kuondoka, kutoka miezi mitatu hadi miezi 12.

La kutafakarisha ni kwamba polisi wenyewe hawakuwa mstari wa mbele kuidai. Baraza la Taifa la Wakuu wa Polisi lilikwisha kuieleza serikali, wakati wa kukusanya maoni, kuwa chanzo cha kambi hizi ni uhaba wa vituo, na kwamba kuzigeuza jinai hakuondoi chanzo hicho. Askari anayeamriwa kuiondoa familia hujua kuliko mtu yeyote kwamba hana pa kuielekeza.

Mahakama zachora mipaka

Kabla ya sheria hiyo, halmashauri zilikuwa zimegundua njia nyingine. Kuanzia mwaka 2015 hivi, halmashauri 38, zingine kwa makundi, zilikimbilia mahakamani kuomba mazuio dhidi ya watu wasiojulikana, yaani amri inayomzuia mtu yeyote, hata ambaye bado hajafika, kuweka kambi katika ardhi iliyotajwa. Baadhi ya mazuio hayo yalifunika karibu kila bustani na kila kipande cha ardhi ya umma katika wilaya nzima. Katika hali hiyo, Msafiri alivunja amri asiyoijua, iliyotolewa katika kesi ambayo hakuitwa.

Tarehe 29 Novemba, 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika shauri kati ya Halmashauri ya Jiji la Wolverhampton na asasi inayowatetea Wajipsi na Wasafiri wa London. Majaji walikubali kuwa mahakama ina uwezo wa kutoa mazuio ya aina hiyo, lakini wakayafunga kwa masharti mazito. Halmashauri lazima ithibitishe haja isiyo na mbadala, ioneshe kuwa imetafakari wajibu wake wa kutoa mahali pa kusimama, iieleze mahakama yote hata yanayoipinga, na eneo na muda viwe na mipaka. Kwa kawaida zuio lisizidi mwaka mmoja bila kupitiwa upya.

Mwezi Mei 2024, Mahakama Kuu nayo ilitamka kuwa kipengele cha kutorudi kwa miezi 12 kinakinzana na haki za binadamu, kwa kuwa kinawabagua Wajipsi katika haki yao ya kuheshimiwa makazi na maisha ya familia. Tamko la namna hiyo nchini Uingereza halifuti sheria. Huirudisha kwa Bunge ili lijitazame kwenye kioo.

Mahakama ya Ulaya huko Strasbourg ilikwisha kusema mengi mapema zaidi. Mwaka 2001, kwa kura 10 dhidi ya saba, ilikataa kumpa ushindi mwanamke wa Kijipsi aliyekuwa amezuiwa kuishi katika kiwanja chake mwenyewe, lakini ikaweka kanuni kuwa nchi zina wajibu wa kuwezesha maisha ya Wajipsi. Mwaka 2004 iliitia hatiani Uingereza kwa jinsi familia moja ilivyoondolewa katika kituo cha halmashauri mjini Leeds bila utaratibu wa kutosha wa kuilinda.

Leeds yajaribu njia nyingine

Ni jiji hilo hilo la Leeds lililokuja kuwa mfano wa njia tofauti. Miaka kadhaa baada ya hukumu hiyo, halmashauri ya jiji pamoja na asasi ya Wasafiri wenyewe ilianza utaratibu wa kusimama kwa makubaliano. Maofisa hukaa na familia, wakakubaliana juu ya mahali pasipomsumbua mtu, idadi ya karavani na siku za kukaa. Halmashauri huleta mapipa ya taka na vyoo vya kuhamishika. Familia huahidi usafi na utulivu. Anayevunja makubaliano huondolewa.

Utaratibu huu haujamaliza kila tatizo, wala haukuzuia kila kambi isiyo rasmi. Lakini unazipunguzia halmashauri na polisi gharama za mawakili, madalali na wazoa taka, na halmashauri nyingine zimeuiga. Mantiki yake ni nyepesi: choo cha kukodi kwa wiki mbili ni nafuu kuliko kesi, na mtu aliyeambiwa pa kusimama hana haja ya kuvunja kufuli la bustani.

Mafunzo kwa majirani

Wanaodai kuwa dawa ni kuurejesha wajibu wa mwaka 1968 wana mifano ya kutazama. Wales iliurejesha kupitia sheria yake ya nyumba ya mwaka 2014: halmashauri hupima mahitaji na kulazimika kuyatimiza. Ufaransa, kwa sheria ya Julai 2000, iliziingiza manispaa zenye wakazi zaidi ya 5,000 katika mpango wa kutoa maeneo ya Wasafiri, na manispaa iliyotimiza wajibu ikapata njia ya haraka ya kuwaondoa wanaosimama kwingineko. Ni mkataba ule ule wa nipe nikupe ambao England iliuvunja mwaka 1994.

Lakini Ireland inatoa onyo. Sheria yake ya mwaka 1998 inazitaka halmashauri kuwa na mipango ya makazi ya Wasafiri, na serikali kuu imekuwa ikitenga fedha. Hata hivyo, mwaka baada ya mwaka, halmashauri kadhaa zilizirudisha fedha hizo bila kuzitumia, huku sheria ya mwaka 2002 ikigeuza uvamizi wa ardhi kwa karavani kuwa jinai. Wajibu usio na adhabu kwa anayeukwepa, ukiambatana na adhabu kwa asiye na pa kwenda, hukandamiza upande mmoja tu.

Tarehe 10 Oktoba, 2015 moto uliteketeza makazi ya muda ya Wasafiri huko Carrickmines, jijini Dublin, na kuua watu 10, watano kati yao wakiwa watoto. Eneo hilo lilikuwa la muda kwa miaka mingi. Nchi nzima iliomboleza. Siku chache baadaye, halmashauri ilipojaribu kuwahamishia walionusurika katika kiwanja cha jirani, baadhi ya wakazi waliifunga njia kwa magari yao.

Tukio hilo linaeleza ugumu wa suala hili kuliko hukumu yoyote. Si kwamba wakazi wale hawakuwa na huruma. Wengi wao huenda walilia kama wengine. Ila huruma iliishia pale ilipoomba ardhi.

Nini kifanyike?

Wanaofuatilia suala hili, wakiwamo wabunge wa Kamati ya Wanawake na Usawa waliotoa ripoti yao mwaka 2019, wamekuwa wakisisitiza kuwa mamlaka yaliyopo kwa muda mrefu yameshindwa kuzihudumia jamii hizi. Uzoefu wa zaidi ya miaka 50 unaelekeza kwenye mambo matatu. La kwanza, wajibu wa kutoa vituo uwe wa kisheria, na uamuzi wa mahali usiachwe peke yake mikononi mwa diwani anayeogopa sanduku la kura. La pili, wakati vituo vya kudumu vikisubiriwa, kusimama kwa makubaliano kuwe utaratibu wa kawaida. La tatu, anayechafua au kutisha watu ashitakiwe kwa kosa lake, awe na nyumba ya matofali au ya magurudumu.

Mambo haya hayawapi Wasafiri bustani za umma. Kinyume chake, ndiyo njia pekee ya kuwarudishia wakazi bustani zao kwa uhakika, kwa kuwa mamlaka yoyote huweza kumwambia mtu aondoke kwa sauti yenye nguvu pale tu inapoweza kumwonyesha pa kwenda.

Bila hivyo, kiangazi kijacho habari itakuwa ile ile: lango litawekewa mawe makubwa zaidi, karavani zitasogea maili mbili, na bili ya madalali itatumwa kwa mlipa kodi yule yule. Wahenga walisema, asiyeziba ufa hujenga ukuta. Uingereza imejenga ukuta huu mara nyingi tangu mwaka 1994. Ufa bado uko wazi.